Dirisha Ndani ya Jicho la Kurumbiza

Mgeni aliingia Nyumba ya Chapa wakati rangi nyekundu ilikuwa haijakauka, na hilo peke yake lilitosha kuwaudhi watu. Katika Nyumba ile hakuna aliyekuwa na saa. Muda ulipimwa kwa rangi: nyekundu ikipakwa, asubuhi imeanza, nyekundu ikikauka, zamu ya kijani imefika, kijani kikikauka, watu wanakwenda kula. Siku za mvua rangi ziligoma kukauka, na asubuhi moja ikajivuta mpaka wapaka rangi wakaota mvi juu ya bawa lilelile la kasuku. Siku za jua kali waliruka miezi bila kuiona, na wapo walioapa kwamba waliwahi kurudi utotoni kwa kipande cha alasiri, wakajikuta wanalilia titi huku wameshika brashi. Kwa hiyo mlango haukufunguliwa mpaka rangi iliyoko mezani ikauke, vumbi lisije likaingia na kunasa katikati ya siku ya mtu.

"Hodi," mgeni alisema, ameshaingia.

"Hodi gani hiyo inayopigwa ndani?" Sichana, mpakaji wa rangi ya kijani, alimjibu bila kuinua uso. "Funga mlango, dada. Unatupeperushia asubuhi."

Watu wakacheka. Mgeni naye akacheka, akausukuma mlango kwa kisigino, akasimama akiitazama ile meza ndefu yenye picha nyingi za ndege mmoja. Alikuwa mwanamke wa makamo, au labda msichana. Mwanga wa Nyumba ile haukutaka kusema. Miguuni alikuwa na tope bichi. Mgongoni alikuwa amefunga bomba la mwanzi lililozibwa kwa nta.

"Naitwa Mwanatumu," alisema. "Nimemleta kurumbiza."

Kicheko kilikatika. Mwisho wa meza, kwenye kigoda kirefu kando ya dirisha kubwa, mtu aitwaye Shekue aliiweka brashi yake chini kabla rangi iliyokuwa kwenye ncha haijagusa karatasi. Alikuwa hajawahi kufanya hivyo tangu aanze kazi.

Lazima ielezwe kazi ya Shekue, maana nje ya Nyumba ile kazi hiyo haipo. Ndege waliletwa wakiwa ngozi tupu, wamekaushwa, tumbo limejazwa pamba na matundu ya macho yamezibwa kwa pamba hiyohiyo. Mchoraji mmoja alimchora ndege juu ya jiwe la chapa, karatasi zikapigwa, kisha zikapita mikononi mwa wapaka rangi, kila mtu na rangi yake: huyu nyekundu, yule kijani, yule manjano ya midomo. Jicho halikuguswa na yeyote. Lilibaki jeupe, kama tundu la sindano, mpaka karatasi ya kwanza imfikie Shekue. Yeye ndiye aliyekuwa mfungua macho. Alilijaza jicho rangi, akaliwekea tone la gundi ya mgunga ili ling'ae, kisha juu ya lile tone akapaka mwanga: kidirisha kidogo cheupe chenye mistari miwili iliyopishana. Karatasi hiyo iliitwa picha mama, na nyingine zote ziliifuata. Watu wa mbali waliokuwa hawajui kusoma walikitambua kidirisha kile. Wauzaji walisema, "Mwangalie ndege jichoni. Ukiona dirisha, umeshika chapa ya kweli."

Na kulikuwa na jambo jingine ambalo watu wa Nyumba hawakulizungumza kwa sauti kubwa. Kila Shekue alipofungua jicho, nje kulinyamaza. Alipolifungua jicho la ninga, ninga hawakusikika tena mitini. Alipolifungua la tetere, wake wa mji waliamka asubuhi wakashikilia beseni zao na kujiuliza ni kitu gani kimepungua. Ndani ya Nyumba waliuita ukimya huo heshima. Ndege ameingia Kitabuni, walisema, kwa nini aendelee kupiga kelele? Kitabu kilikuwa kikubwa kama kitanda, na Mzee Mbaruku, mtunza Nyumba, alikuwa akisema kwamba kitu kisichomo mle ndani bado hakijazaliwa sawasawa.

Ndege wote walikuwa wameshaingia, kasoro mmoja. Kurumbiza alikuwa hajakamatika. Ni ndege mdogo mwenye kifua cha rangi ya chungwa na nyusi nyeupe, anayekaa chini vichakani, na ana tabia ya kuiga. Alfajiri huanza kwa sauti yake mwenyewe, kisha hulia kama tetere, kama ninga, kama kigogota, kama ndege ambao watoto wa mji ule walikuwa hawajawahi kuwasikia kwenye koo za wenyewe. Sauti zote zilizonyamaza zilikuwa zimepanga ndani ya koo moja. Wategaji wa Nyumba walikuwa wakimfuata kwa nyavu na ulimbo, nao walikuwa wanakaribia.

Mzee Mbaruku alishuka ngazi, ameshika kilemba kwa mkono mmoja.

"Kurumbiza?" aliuliza. "Ngozi iko wapi?"

"Anayo mwenyewe, mzee wangu," Mwanatumu alijibu. "Nilimwacha ameivaa."

Sichana alicheka mpaka kijani kikaruka kwenye pua yake. Mgeni alipasua nta, akatoa karatasi moja iliyokunjwa kama mkeka, akaitandaza. Shekue aliteremka kigodani bila kujua kwamba anateremka.

Alikuwa kurumbiza, na alikuwa karibu kuruka. Mguu mmoja ulikuwa umeshaacha kuamini tawi. Manyoya ya shingo yalikuwa yamesimama upande mmoja, ule ambao upepo ulitokea, na mkia ulikuwa umepanda kidogo, kama mtu aliyeinua sketi kuvuka dimbwi. Ndege wa Nyumba walisimama wima, wamegeuza ubavu, kama watu wanaosubiri kuitwa majina. Huyu hakuwa anasubiri kitu. Jicho lake tu ndilo lilikuwa jeupe.

"Nilimkalia kando ya mto, mbele yake," Mwanatumu alisema. "Nimewaletea picha ili muwaite wategaji wenu warudi nyumbani. Kitabu kinataka picha moja. Hii hapa. Na jicho sikuligusa. Najua desturi yenu."

Mzee Mbaruku aliinama juu ya karatasi kwa muda mrefu. Nyekundu ikakauka, na hakuna aliyechukua kijani. "Wategaji watarudi siku jicho litakapofunguliwa," alisema hatimaye. "Mchore juu ya jiwe, mama. Tunakupa nafasi mezani."

Nafasi ilikuwa karibu na Shekue, kwa sababu mwanga mzuri ulikuwa pale.

Watu husema wivu ni moto. Kwa Shekue haukuwa na joto lolote. Ulimwingia kama pamba inavyoingia kwenye ngozi ya ndege, kidogo kidogo, kwa kijiti, ikisukumwa mpaka kwenye ncha za mabawa, hadi mtu akawa amejaa vizuri, ana umbo lake lilelile, na aliyemtazama kwa mbali angesema, huyu ni mzima. Alikalia kigoda chake kama kawaida. Alisalimia, alikula, alicheka Sichana alipotania. Ndani alikuwa pamba tupu.

Mwanatumu alichora juu ya jiwe. Kwenye jiwe kila kitu huchorwa kinyume, ndege wa kutazama kulia anatazamishwa kushoto, na watu wengi hupata kizunguzungu. Yeye alichora kinyume kama mtu anayerudi nyumbani kwa njia aliyoendea. Huku mkono ukichora, alikuwa akipiga mluzi mdogo, na kwenye mluzi ule walikuwamo ninga na tetere. Wapaka rangi walisogeza viti vyao, leo hatua moja, kesho nyingine, mpaka siku moja Shekue aliinua uso akakuta upande wake wa meza umejaa watu, na wote wamempa mgongo.

Wakati mwingine alipomtazama Mwanatumu kwa pembe ya jicho alimwona ni bibi kizee, vidole vimepinda kama mizizi. Akigeuka vizuri anakuta msichana mwenye wino kwenye kidevu. Siku moja ya mawingu, rangi zikiwa zimekataa kukauka, aliona mkono unachora ukucha wa ndege kwa ustadi ambao ulimfanya aone kiu, na akashangaa kutambua kovu la kwenye kidole gumba. Lilikuwa kovu lake. Aliutazama mkono wake mwenyewe, akaukuta umelala mapajani, hauna alama. Mawingu yalipoondoka, kila mtu alirudishiwa mikono yake.

Usiseme kwamba unamchukia, alijiambia. Humchukii.

Ameona. Mimi sijaona. Ni hayo tu.

Kama angekuwa anachora vibaya ningempenda. Ningempikia uji. Ningemwambia, dada yangu, hukosi kitu, jikaze, utaweza. Watu tunawapenda sana wanaotufuata kwa nyuma.

Nimefungua macho mengi kuliko mvua. Na hakuna hata moja lililonitazama.

Kitu kipo kwa sababu kipo, au kipo kwa sababu kuna jicho lililotua juu yake? Kama ni kwa jicho, basi mimi ninayetengeneza macho, nani ananitengenezea langu?

Anapiga mluzi. Mwambieni aache.

Msimwambie. Akiacha nitauona ukimya wangu.

Siku ambayo jiwe lilikamilika, Mwanatumu alinyoosha mgongo, akaenda kwenye rafu za picha mama, akaanza kuzitoa moja moja. Watu walikuwa wamekwenda kula. Shekue alibaki, akijifanya anasaga rangi iliyokwisha kusagika. Alitaka kumwona akizitazama. Alitaka, na aliona haya kutaka, kumwona akishtuka kwa uzuri wake.

Mwanatumu alimtazama ninga jichoni. Akamchukua tetere. Akamchukua kozi, kwarara, kigogota, akawapanga sakafuni, akapiga magoti akiwakaribia mpaka pua yake ikagusa karatasi. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika.

"Unacheka nini?" Shekue aliuliza.

"Sicheki, ndugu yangu." Aligeuka, na kweli hakuwa anacheka. "Wako chumbani. Ndege wote hawa. Njoo uone mwenyewe. Kozi huyu mmemweka juu ya jabali, nyuma yake mmempa mawingu, lakini jichoni mwake kuna dirisha. Ndege anaangalia dirisha! Jabalini kuna dirisha gani?"

"Huo ni mwanga tu," Shekue alisema. "Jicho lazima liwe na mwanga."

"Mwanga huo uliutoa wapi?"

Shekue aligeuza shingo. Dirisha kubwa lilikuwa nyuma ya mgongo wake, na mistari yake miwili iliyopishana ilikuwa imelala juu ya meza, juu ya brashi, juu ya mikono yake. Kila siku ya maisha yake alikuwa amechukua kioo kidogo, akakitazama kitone cha mwanga ndani ya jicho lake mwenyewe, akakinakili kwa uaminifu mkubwa. Hakuna kazi aliyoifanya kwa uaminifu kuliko hiyo. Alinakili alichokiona. Alichokiona kilikuwa chumba.

"Watu wanalipenda dirisha lile," alisema.

"Najua. Hata mimi nimelipenda, ndiyo maana limenitoa machozi. Umelichora vizuri mno." Mwanatumu alikaa sakafuni, akakumbatia magoti. Sasa alikuwa hana umri kabisa. "Mnawaingiza ndani, halafu mnastaajabu kwamba nje kumenyamaza. Ndege anaishi kule anakotazama, Shekue. Ukimpa chumba cha kutazama, atakaa chumbani."

Mtu mwingine angekanusha. Shekue alifungua mdomo ili akanushe, na kilichotoka kilikuwa swali ambalo alikuwa amelala nalo na kuamka nalo tangu siku bomba la mwanzi lilipopasuliwa.

"Ulipomkalia pale mtoni," aliuliza, "ndani ya jicho lake kulikuwa na nini?"

Mwanatumu alifikiri. Alikuwa mtu wa kufikiri kwanza, na hilo nalo lilimuudhi Shekue.

"Rangi yenyewe ni kahawia, ya kawaida tu, kama chai iliyopoa," alisema. "Mwanga uko juu, wa duara, kwa sababu anga halina kona. Na kule chini kabisa, mdogo kama chembe ya mtama..."

"Nini?"

"Mimi. Nimechuchumaa na karatasi yangu."

Pamba yote ndani ya Shekue ilishika maji mara moja. Kumbe ilikuwa hivyo. Alikuwa amemwonea wivu mkono wake, mluzi wake, viti vilivyomsogelea, na yote hayo yalikuwa maganda. Hiki ndicho kilichokuwa kiini. Mwanamke huyu alikuwa ameingia ndani ya jicho la kiumbe ambacho hakikutakiwa kumwona, hakikulipwa, hakikuagizwa, na kikamwona. Yeye Shekue alikuwa amejenga macho ya nchi nzima na hakuna hata chembe ya mtama.

"Una bahati," alisema.

"Ninayo," Mwanatumu alikubali, bila kujificha. Kisha akasema, "Nikuombe kitu kidogo."

Desturi ya Nyumba ilikuwa kwamba aliyemwona ndege hawezi kuwapo jicho linapofunguliwa. Ilisemekana macho ya aina mbili yakikutana juu ya karatasi moja yatagombana, na rangi itachuruzika. Tangu zamani desturi hiyo haikuwa na kazi, maana hakuna mchoraji aliyewahi kumwona ndege akiwa hai. Sasa ilikuwa nayo. Mwanatumu angetoka kabla picha mama haijafika kwa Shekue, na asingeruhusiwa kurudi.

"Usimwekee dirisha," alisema. "Kahawia, na mwanga wa duara kwa juu. Basi. Sikuombi unichore mimi mle ndani, mimi nilipita tu. Niambie kwamba hutaliweka."

Kuna ahadi zinazotolewa kwa wema, na itapendeza kusema kwamba hii ilikuwa mojawapo. Haikuwa. Shekue alimtazama mwanamke yule ameketi sakafuni, mwenye kila kitu, na kwa mara ya kwanza akaona kwamba kuna kitu anakihitaji, na kitu hicho kiko kwenye mkono wa Shekue. Utamu wa jambo hilo ulimpanda mpaka masikioni. Ilikuwa kama kushika funguo za mtu tajiri. Kwa utamu huo, na kwa huo tu, alisema:

"Sitaliweka."

Mwanatumu alimshika mkono, akaubusu kama mtu anavyombusu kaka yake mkubwa siku ya sikukuu, akavaa viatu vyake vyenye tope kavu. Mlangoni Sichana, aliyekuwa anarudi kutoka kula, alimuuliza, "Unatukimbia, dada? Na mluzi nao unaondoka?" Mwanatumu akamjibu kwamba mluzi haukuwa wake, alikuwa ameuazima kichakani. Kisha akatoka, na mlango ukafungwa.

Picha mama ilipakwa chungwa la kifua. Likakauka. Ikapakwa kahawia ya mgongo. Ikakauka. Nyeupe ya nyusi iliachwa, kwa kuwa ilikuwa karatasi yenyewe. Rangi zilikauka kwa mwendo wa ajabu siku hiyo, kana kwamba muda ulikuwa na haraka ya kumfikia Shekue, na alipoletewa karatasi alijikuta amezeeka mwaka mzima wa kutafakari bila kufikia uamuzi.

Wapaka rangi walisimama nyuma yake. Mzee Mbaruku alikuwa amesimama upande wa kulia, na jiwe la chapa limewekwa mezani, kwa maana jicho likishafunguliwa ndipo jiwe hubarikiwa. Chini ya miguu ya kurumbiza, kwenye jiwe, majina yalikuwa yamekwisha kuchorwa kinyume kama ilivyo kawaida: upande mmoja aliyechora, upande mwingine aliyefungua jicho. Jina la Shekue lilikuwa hapo kabla ya kazi yake. Halikuwahi kukosekana kwenye jiwe lolote. Kwa mbali, nje, kurumbiza alikuwa akilia. Alikuwa kwenye sauti ya tetere.

Alijaza jicho rangi ya kahawia. Chai iliyopoa. Aliweka tone la gundi. Sasa brashi ya nyeupe ilikuwa mkononi, ile yenye unywele mmoja, na tone la gundi lilikuwa linang'aa likimngoja.

Aliwaza kuchora dirisha. Nani angemlaumu? Mwenyewe ameondoka, harudi, na ahadi aliitoa kwa kiburi. Ahadi ya namna hiyo ina uzito gani? Lakini wazo hilo halikukaa, na nyuma yake likaja lingine, laini zaidi, ambalo lilimtisha. Hakuahidi kuhusu kitu kingine chochote. Aliahidi dirisha tu. Chini kabisa ya jicho, mahali palipotosha chembe ya mtama, angeweza kumweka mtu amechuchumaa. Na kwa nini mtu huyo asiwe mwanamume? Kwa nini asiwe na kigoda kirefu? Hakuna ambaye angejua. Kwa karne zote ambazo Kitabu kitafunguliwa, kurumbiza wa mwisho angekuwa akimtazama Shekue. Nukta moja. Mkono wake ulikuwa umekwisha kushuka.

Niangalie, aliiambia karatasi. Mara moja tu. Niangalie mimi.

Na palepale, akiwa ameinama hivyo, alifahamu kitu kuhusu dirisha. Alikuwa amedhani siku zote kwamba analichora kwa sababu ndilo aliloliona. Lakini nani mwingine, ila yeye, alikuwa amekaa mbele ya dirisha lile ndani ya chumba kile, akitazamwa na ndege wote wale? Alikuwa ameomba jambo hilohilo kwa kila ndege. Nukta ya mtama ingekuwa dirisha jingine, dogo zaidi, lililofungwa vizuri zaidi.

Alipandisha mkono. Akaweka mwanga wa duara, juu, mahali ambapo anga lingekuwa. Akaiinua brashi.

Jicho likafunguka, na halikumtazama. Lilimpita begani, likawapita watu waliosimama nyuma yake, likapita ukuta, likaenda kwa mtu mwingine ambaye pengine muda huo alikuwa anavuka mto. Wivu ulimuuma Shekue kwa nguvu kuliko siku zote, mpaka ikabidi ashike ukingo wa meza.

"Hujamaliza," alisema Mzee Mbaruku.

"Nimemaliza, mzee."

"Dirisha liko wapi?"

"Halipo."

Mzee alisogea, akatazama, akatazama tena. Sauti yake ilipotoka ilikuwa ya upole, na upole huo ulikuwa mgumu kuubeba kuliko hasira. "Shekue, mwanangu. Watu wakikuta jicho hili halina dirisha, watauliza ni lipi la kweli, hili au yale yote. Nitawajibu nini? Ongeza mistari yako miwili. Ni kufumba na kufumbua. Yule mama ameshakwenda zake, hutamwona tena mpaka unakufa. Na usipoongeza, siwezi kuliacha jina lako chini ya jicho ambalo halina alama yako. Wala siwezi kukuacha kwenye kigoda hicho. Unalijua hilo."

"Nalijua."

"Sasa inakuwaje?"

Sichana alisema taratibu, "Kaka, ongeza tu. Ni vijistari." Alikuwa anamhurumia kweli.

Nje kurumbiza aliiacha sauti ya tetere, akashika ya ninga, akaikosea, akaanza upya. Jicho lilikuwa limeshafunguliwa, naye alikuwa bado analia.

"Nilimwambia sitaliweka," Shekue alisema.

Mzee Mbaruku alishusha pumzi. Alichukua kisu cha kukwangulia, akainama juu ya jiwe, na hapo watu wakaona jinsi mkono wake ulivyotetemeka. Uzee au huzuni, hakuna aliyeweza kujua. Ncha iligonga jiwe, ikateleza, ikasimama unywele mmoja kutoka kwenye ukucha wa ndege, ule mguu ulioacha kuamini tawi. Akajaribu tena. Jiwe likacheza juu ya meza.

"Ngoja, mzee," Shekue alisema. "Utamkwangua mguu."

Alizunguka meza, akaegemeza kifua chake kwenye jiwe, akalishika pembe zote mbili kwa mikono yake, imara, karibu na uso wake, mpaka likatulia kama liko ardhini. Kwa kuwa maandishi yalikuwa kinyume, jina lake lilianza kuondoka kutoka mwisho wake. Alilitazama herufi kwa herufi, akipuliza vumbi pembeni lisimwingie ndege.

"Hapa bado kidogo," alimwonyesha mzee. "Endelea. Nimelishika."